Steringi Asiye na Jirani

Kamanda hakuwahi kumpenda steringi, yule shujaa wa picha, hata mmoja. Nilionyesha video pale Ngulyati kwa miaka mingi, tangu zile siku za ruksa ambapo milango ya nchi ilifunguliwa na deki za video zikaanza kuingia pamoja na mitumba na sabuni za kunukia. Mikanda ya kila aina ilipita mbele ya macho yake: ya makomando, ya karate, ya magari yanayoruka mito, ya watu wa sayari nyingine, ya mashine zenye sura ya binadamu. Picha ilipoisha na banda zima likapiga makofi, yeye alitikisa kichwa taratibu kama mnunuzi aliyeonyeshwa ng'ombe mgonjwa akaambiwa ni mzima. Kisha aliuliza swali lake lile lile: huyu mtu jirani zake wako wapi?

Ili umwelewe, lazima ujue kazi yake. Alikuwa kamanda wa sungusungu, ulinzi wa jadi ambao vijiji vyetu viliuunda kupambana na wezi wa ng'ombe. Kwetu ng'ombe wakichukuliwa, mwenye mali hakimbilii kituoni. Anapiga mwano, ukelele mrefu unaopanda na kushuka, na anayeusikia anaupokea na kuurusha mbele, kilima kwa kilima, mpaka nchi nzima inajua wezi wameelekea wapi. Kila mwanamume mwenye miguu anachukua upinde au fimbo na kuufuata. Asiyekwenda anatozwa faini, na akikaidi anatengwa: hapewi moto, hapewi maji, akifiwa anachimba kaburi mwenyewe. Kamanda ndiye aliyesimamia hayo yote, na hakuwa na ndugu wala rafiki kwenye jambo hilo.

Sasa mtu kama huyo mwonyeshe picha ya mapigano. Nyumba inaungua, risasi zinalia barabara nzima, mwanamke anapiga kelele dirishani, na anayetoka kusaidia ni mmoja tu, kifua wazi, hana hata fimbo. Kamanda aliangalia yale maghorofa, taa zinawaka kila dirisha, maana yake watu wamo ndani, na aliumia kweli kweli. "Mji huu ningeutoza wote," alisema siku moja, na hakuwa anatania. Alibaki pale kwenye kigoda chake akifikiria faini ile ingekusanywa vipi, mtaa kwa mtaa, na nani angeshika fimbo ya baraza.

Kigoda hicho alikuja nacho mwenyewe kutoka nyumbani, kwa sababu mabenchi yangu aliyaita ya kanisani, ya kusinzia. Alikaa mbele kabisa, mgongo wima, mikono juu ya magoti. Mfukoni hakukosa peremende, zile nyeupe kali, akawa anazigeuza mdomoni polepole mpaka picha inaisha. Na alivaa koti. Lilikuwa koti refu la mtumba, rangi ya damu ya mzee, lenye vifungo vikubwa vya dhahabu na mkanda wa kubana kiuno, na lilikuwa la kike. Ngulyati yote ilijua ni la kike. Hakuna aliyethubutu kumwambia, na mke wake, aliyejua kuliko wote, alinyamaza kwa sababu alisema lilimkaa vizuri.

Mimi si mtu wa pale kwa asili. Baba yangu alitoka Tabora akafungua duka Bariadi mjini, Mwislamu wa swala tano, akitaka nirithi mizani na debe la mafuta ya taa. Mimi nikaona mbali zaidi, au nilidhani naona mbali. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia vijijini, watu wana fedha mkononi wakati wa msimu na hawana pa kwenda, nikanunua deki, televisheni na jenereta, nikajenga banda la miti na kulifunika kwa maturubai meusi ili mchana uwe giza. Ndani kulikuwa na joto la kuivisha maembe. Watu walitoka jasho, wakapanguza, wakakaa. Kisukuma changu kilikuwa cha dukani, cha kusalimia na kupunguza bei, lakini Kamanda aliniita ng'wanone, mwanangu, tangu siku ya kwanza, hata alipokuja kunifungia.

Maana kweli alikuja kunifungia. Wazee walilalamika barazani kwamba vijana wanakacha lindo, mchana wako kwa video, jioni wamechoka kama waliopigana wao. Ikaamuliwa kwamba Kamanda aje atazame, na akiona ni upuuzi basi banda livunjwe. Nilimwandalia soda na kiti cha mito. Soda akampa mtoto aliyekuwa mlangoni, kiti akakisukuma kando, akakaa kwenye kigoda. Nilimwekea picha ya komando aliyetumwa msituni kuokoa wafungwa. Katikati akainua mkono akaniambia nisimamishe. Nikajua kwisha habari yangu. Akauliza kama kile kitu kinaweza kurudi nyuma. Nikarudisha. Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo, akatazama matope. Komando alikuwa amepita pale na nyayo zake hazikuonekana.

"Huyu mtu hakanyagi chini," akasema. "Rudisha tena."

Tulirudisha mpaka mkanda ukaanza kukwaruza. Jioni aliwaambia wazee kwamba jambo lile linahitaji uchunguzi zaidi, na kwamba kila mkanda mpya lazima apitishe yeye kwanza. Uchunguzi huo haukuisha.

Hivyo nikawa na mkaguzi. Kila siku ya gulio, kabla sijaanza kukata tiketi, yeye aliona picha peke yake, na watu walisubiri nje wasikie atasemaje. Wengine hudhani maneno yake mabaya yaliniharibia biashara. Wapi! Akitoka na kusema picha ni ya ovyo, haina akili, mtu mmoja anaua jeshi zima na hata hajanywa maji, banda lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya vichuguu vya nyuma wakichungulia matundu. Akitoka kimya ndipo nilipopata hofu, maana watu walidhani hakuna mapigano ndani.

Maoni yake kuhusu risasi yalikuwa ya kipekee. Vijana waliosoma sekondari Bariadi walimcheka steringi anayemiminiwa risasi na zote zinapita pembeni, wakasema ni uongo wa kamera. Kamanda hakuona uongo wowote. Mtu akienda vitani bila kuchanjwa ni mjinga, na huyu hakuwa mjinga, kwa hiyo alikuwa na dawa. Kilichomuudhi ni kwamba picha haikumwonyesha mganga. "Kazi yote ni ya fundi," alisema, "halafu sifa zinakwenda kwa mwenye misuli. Hata mbuzi hakumpelekea." Katika picha zaidi ya moja alingoja mpaka mwisho kabisa, majina yanapanda kwenye kioo, akitumaini kwamba steringi angalau ataonekana akirudi kushukuru.

Mapenzi katikati ya mbio hakuyataka. Si kwa sababu ya haya. Aliona yote yaliyoonyeshwa bila kupepesa. Tatizo lake lilikuwa nyayo. Adui anakimbia, wewe umesimama unambusu mtu, nyayo zinapoa. Alihesabu hilo kama kosa la kazi, akasema mwanamke mwenye akili angemsukuma aende.

Maadui aliwaheshimu. Aliwaona kama watu waliojipanga: wana mkubwa wao, wana wajumbe, wana mtu wa kupika, na mwenzao mmoja akianguka wengine wanaulizana. Adui ana baraza, alisema, steringi ana kifua tu. Mara nyingi nilimwona akisikitika adui mkuu alipoanguka kutoka ghorofani, si kwa kumpenda, bali kwa kuona utaratibu mzuri unapotea hivi hivi. Farasi akifa machozi yalimtoka waziwazi. Watu walikubali kwenda vitani, alisema, farasi hakuulizwa.

Nilidhani picha za mambo ya anga na ya miaka ijayo zingemshinda. Mimi mwenyewe zilinishinda. Nilileta mkanda mmoja kutoka Mwanza, mtu wa chuma anatumwa kuangamiza mji, hasikii maumivu, ukimkata mkono anaokota mkono. Banda zima lilikaa kimya kwa woga. Kamanda aligeuza peremende yake na kusema huyo ni msukule, hakuna jipya, msukule wa chuma badala ya nyama. Akawashangaa wale wanajeshi wanaomaliza risasi juu yake. Msukule hapigwi, anatafutwa mwenye msukule. "Mmeshika mkia," aliwaambia wale Wazungu kwenye kioo, kwa upole kama anamfundisha mtu kukamua, "kichwa kiko kule ofisini." Na ikawa kweli, mwisho wa picha mwenye mtambo alikuwa ofisini. Vijana walimtazama kwa jicho jingine siku ile. Yeye hakuona ajabu yoyote.

Wageni wa kutoka angani hakuwapenda. Chombo kinatua kikubwa kama mlima, mlango unafunguka, wanatoka viumbe wenye vichwa virefu, wanaanza kuchoma miji. Alichouliza yeye ni kama walisalimia. Nikasema hawana lugha. Akasema ng'ombe hana lugha na bado akiingia kwenye zizi geni anasimama kwanza mlangoni. Lakini picha aliyoipenda kuliko zote za aina hiyo ilikuwa ya mtu anayeingia kwenye pipa la umeme na kutokea katika siku za babu yake, akamkuta babu ni kijana mvivu anayelala chini ya mkokoteni. Kamanda alicheka mpaka akashika ubavu. Wengine waliuliza mambo ya mtu kurudi nyuma yanawezekanaje. Yeye akasema waliokufa wanatujia kila siku na hakuna anayeuliza nauli, sasa wajukuu wakija kuna ubaya gani? Alichotaka kujua ni kwa nini mjukuu hakumwamsha babu akalime.

Mtu huyu mkali alikuwa na siri nyumbani, na mke wake ndiye aliyeifichua bila kujua. Mama huyo hakuwahi kuingia bandani, alisema giza la mchana linaleta kichwa kuuma. Kamanda alimsimulia picha zote jioni wakimenya karanga. Siku moja mama huyo akanisimamisha gulioni akaniuliza kama bado ninao ule mkanda ambao watu wa mji mzima wanatoka na pinde, wanawake wanapiga vigelegele, wanalizunguka jumba la vioo na kumtoa steringi wakiwa wamembeba. Nilifikiri sana. Picha ya jumba la vioo ninayo, ila ndani yake steringi alijitoa peke yake akiwa na majeraha kumi na sigara mdomoni. Nikamjibu mkanda huo umeazimwa Nkololo. Kumbe mzee alikuwa anazirekebisha. Kila picha aliyoikashifu mchana, usiku huo huo aliipatia majirani.

Na yeye mwenyewe? Watu wazima walinong'ona kwamba ujanani aliwahi kufuata ng'ombe wa baba yake peke yake, akaingia porini upande wa mashariki, bila kumwambia mtu, akarudi baada ya muda mrefu na kidole kimoja pungufu na ndama mmoja tu. Nilimuuliza mara moja. Alitazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Kidole kimoja hakivunji chawa," akasema, na sikujua kama ananijibu au ananitania, kwa sababu baada ya hapo alicheka.

Sasa niseme habari ya siku ile, maana bila hiyo ungedhani nakuchorea mzee wa vichekesho.

Ilikuwa kiangazi, siku ya gulio, baada ya adhuhuri. Nilikuwa nimeleta picha ya vita iliyosifiwa mpaka Lamadi, madereva wa malori walikuwa wakiisimulia njia nzima. Kamanda alikuwa ameshaikagua asubuhi na kuiita ya ovyo, halafu akafanya jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo: alirudi kuiangalia mara ya pili pamoja na watu. Banda lilijaa. Vijana wote wa lindo walikuwamo, wamefungana kama kuni. Jenereta langu lilikuwa kando ya ukuta, kwa sababu waya ulikuwa mfupi, na lilinguruma kama trekta lililokwama. Ndani tulipandisha sauti ili tulishinde.

Wakati huo wezi walishuka kwenye lambo, mchana kweupe, wakamjeruhi mchungaji mkononi na kuswaga ng'ombe wa mama mmoja mjane aliyekuwa akiishi kwenye ua wa minyaa, nje kidogo ya kijiji. Mwano ukapigwa. Wanawake waliokuwa wakichota maji waliupokea, ukapanda kilima, ukateremka kwetu, na ulipofika kwenye jenereta langu ukafia hapo. Waliokwenda ni wazee, wanawake na wanafunzi. Waliwarudisha ng'ombe wengi kwa ujasiri tu na kelele. Ng'ombe wengine hawakuonekana tena, na miongoni mwao alikuwamo yule ambaye mjane alikuwa akiwakamulia wajukuu.

Sisi tulitoka jioni tukicheka. Bado nasikia kicheko kile. Nje tulikuta wanawake wamesimama barabarani, kanga zimefungwa kiunoni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Waliwatazama waume zao, wakawatazama wana wao, kisha macho yao yote yakaenda kwa Kamanda aliyekuwa ametoka wa mwisho, kigoda mkononi. Sijawahi kumwona mtu akizeeka mbele yangu, ila siku ile niliona.

Baraza likaitwa asubuhi yake. Nilijua banda langu limekwisha. Deki nilikuwa nimeifunga kwenye blanketi nikaificha kwa dada yangu, na nilikuwa tayari kurudi kwenye mafuta ya taa ya baba. Baba za vijana walisema lichomwe, na kusema kweli nisingewalaumu. Walizungumza mmoja mmoja, na Kamanda, ambaye kwa kawaida alikaa mbele kwenye kiti cha kuhukumu, alikuwa amekaa chini, kwenye vumbi, mahali pa mshtakiwa. Walidhani amekosea pa kukaa. Mmoja akamwonyesha kiti. Akakataa kwa mkono.

Alipoinuka alivua lile koti, akalikunja, akaliweka juu ya kigoda. "Mwano ulipigwa," akasema. "Kamanda alikuwa wapi? Kamanda alikuwa anamwangalia mtu wa mbali akikimbia peke yake. Sheria mnaijua. Nitozeni."

Hakuna aliyetaka kumtoza.  Basi akajitoza mwenyewe: maksai mmoja kati ya wale wawili wa kulimia, aende kwa yule mjane siku hiyo hiyo. Ni kama mtu kukata mguu wake mmoja, maana maksai mmoja halimi. Baada yake vijana wakaanza kusimama, huyu na mbuzi, yule na debe la mtama, bila kuitwa. Kisha wakafika kwangu. Nilisimama, nikakubali kila kitu kabla sijaulizwa.

Kamanda akasema jenereta halina kosa la kuwa na sauti. Kosa ni kwamba masikio yote ya kijiji yaliingia ndani na mlango ukafungwa. Kwa hiyo banda litabaki, jenereta litahamia nyuma ya kichuguu kikubwa, na kila picha inapoonyeshwa mtu mmoja atakaa nje, upande wa vilima, asikilize. Wakauliza nani huyo atakayekaa juani watu wakiburudika. Akasema ni yeye. Wakasema basi iwe kwa zamu, na mimi nikapaza sauti kuliko wote, nikajitolea.

"Adhabu haina zamu, ng'wanone," akaniambia.

Ndivyo banda langu lilivyopona, na ndivyo Kamanda alivyoacha kuona picha. Hakuingia tena. Hata ukaguzi aliuacha, akasema macho yake hayaaminiki yakiwa kwenye giza. Kila siku ya gulio alikaa nje na kigoda chake, koti lake, peremende yake, amelipa banda mgongo. Iliniuma. Nilikuwa namtazama kupitia tundu la turubai nikijua kwamba anapenda vitu vile kuliko mteja wangu yeyote, na amevitoa ili mimi nibaki na riziki. Nilimwambia hivyo mara moja, akanijibu kwamba hakuvitoa kwa ajili yangu, na nisijipe ukubwa.

Msimu wa mvua ulipofika alilima kama kawaida. Jirani yake wa upande wa mbugani alimleta maksai wake asubuhi, akamfunga nira pamoja na yule aliyebaki, akaondoka bila kuagana. Hakuombwa.

Lakini maoni hayakukoma. Alianza kuzisikiliza picha kwa mgongo, kelele zikipita kwenye turubai, na kuzihukumu hivyo hivyo. Watu wakitoka aliwaambia picha ya leo ina milango mingi mno, au yule mwanamke alilia kwa uongo, au adui alikufa mapema kwa sababu ngoma zilibadilika. Alikuwa akipatia mara nyingi. Za anga zilimtatiza, kwa sababu alisema zina upepo mwingi na watu wachache, akaomba aelezwe. Vijana wale wale waliokuwa wakimcheka wakawa wanachuchumaa mbele yake kumsimulia, wakipokezana, wakigombana nani alimpiga nani. Wengine walikuja kwa video ili tu wapate cha kumsimulia. Na mwano ulipopigwa, maana ulipigwa tena si mara moja, yeye alipiga turubai kwa fimbo yake, mimi nikazima, na banda likamwagika nje kabla vumbi halijatulia. Yule mjane hakupoteza ng'ombe mwingine.

Miaka ikaenda. Nilihamia Lamadi kwenye biashara ya dagaa, umeme ukafika Ngulyati, kila nyumba yenye uwezo ikaweka televisheni yake, na pale palipokuwa na banda langu pakajengwa ghala la pamba. Mwaka jana nilipita kumwona. Nilichukua picha mpya kwenye flashi, ya watu waliokwama kwenye chombo mbali huko angani wakitafuta njia ya kurudi, kwa sababu nilikumbuka za anga ndizo alizobaki na deni nazo.

Nilimkuta amekaa nje ya nyumba ya mwanawe, kwenye kiti cha plastiki, ameangalia barabara. Nikamwamkia, mwadila baba. Hakugeuka. Mkwewe, aliyekuwa akipepeta choroko, akaniambia nimguse bega. Masikio yamekwisha, siku hizi hata radi anaiona tu. Nikamgusa. Alinitambua kwa uso, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili na kunitazama sana, akauliza kwa sauti kubwa ya viziwi kama mikanda bado inakwaruza.

Niliinama kwenye sikio lake la kulia, lililobaki na chembe ya uhai, nikampigia kelele kwamba nimeleta picha, televisheni iko ndani, aje aone. Aliangalia mlango. Kisha akaangalia vilima. Nikapiga kelele tena kwamba banda halipo, miaka imepita, wa kumtoza hayupo.

 Mkwewe aliacha kupepeta akatutazama.

"Masikio haya hayalindi tena," akasema mwishowe. "Nikikaa hapa ni kiti kitupu." Akanigeukia. "Yako yanafanya kazi?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akainuka kwa shida, akakishika kiti kwenye egemeo, akakielekeza vizuri kwenye vilima, akanionyesha nikae. Mkwewe akamwingiza ndani na kumwashia, akaizima sauti kabisa kwa sababu haikuwa na kazi.

Nikakaa. Nasema kweli, kwa muda wa kwanza nilitamani kuchungulia dirishani, nione anavyoangalia, kama bado mgongo ni wima. Sikugeuka. Nilisikia choroko zikimiminika kwenye ungo, pikipiki ikipanda kuelekea Nkololo, wanafunzi wakirudi wakibishana juu ya mpira. Kuna mtu alikuwa akigonga mti kwa shoka mbali sana, anapumzika, anagonga. Nilikaa hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikanifunika miguu, na moyo wangu ulikuwa umetulia kuliko nilivyoweza kukumbuka.

Alitoka ameshika fremu ya mlango. Nikajiandaa kwa lawama: wamekwama angani, sawa, jirani zao wako wapi. Hakuitaja picha. Alitazama barabara upande wa juu, akatazama upande wa chini.

"Umesikia nini?"

Nikatikisa kichwa, nikafungua viganja.

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna, baba."

Aliyasoma maneno midomoni mwangu. Akakaa taratibu kwenye ukingo wa baraza kando yangu, akanyoosha miguu.

"Basi ilikuwa picha nzuri," akasema.